Turubai Kwenye Mstari wa Kijani

Saa tatu asubuhi, siku ya mkesha wa harusi, nguzo ya kwanza ya turubai ilisimamishwa katikati ya njia ya juu. Mchora ramani aliiona kupitia dirisha la fundi cherehani. Alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono ameiinua kando, gauni jeupe limejaa pini upande mmoja kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Usigeuke," fundi cherehani alisema, pini zikiwa katikati ya midomo yake. "Ukigeuka nitakushona pamoja na nyama."

"Mama, wanafanya nini pale nje?"

Fundi hakuhitaji kuchungulia. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto alichofunga mkononi.

"Wamekuja na mkokoteni tangu alfajiri. Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Basi shuka. Polepole. Huo upande wa kushoto haujashikwa."

Alishuka, akavua gauni, akavaa nguo zake. Gauni akalilaza mezani kwa uangalifu ule ule ambao angeutumia siku yoyote nyingine. Kisha akachukua simu, akatoka nje.

Kwa macho ya mgeni, njia ya juu ilikuwa njia kama nyingine: vumbi, maduka mawili, mtaro upande mmoja. Lakini mchora ramani alikuwa ameupima mtaa mzima. Kwanza ulipigwa picha kutoka angani kwa droni, kisha yeye na majirani wakapita uchochoro kwa uchochoro na futi mkononi, kwa sababu picha ya angani huonyesha paa lakini haionyeshi kibaraza kilichosogezwa mbele wala ngazi iliyojengwa nje ya mlango. Kazi ilipokwisha, vichochoro vyote vya upande wa juu vilibaki kijivu kwenye ramani. Gari la zimamoto lingeweza kupita mahali pamoja tu, kutoka barabara kuu hadi nyumba ya mwisho. Mstari huo ulipakwa kijani.

Ramani hiyo ilizaliwa na moto. Usiku mmoja wa msiba, turubai la wafiwa likiwa limefungwa kukatisha njia, nyumba ya mwisho iliwaka. Gari la zimamoto lilikwama nyuma ya turubai likipiga honi. Lilipopita, nyumba ilikuwa imekwisha, na fundi saa aliyekuwa amelala ndani na homa alikuwa amekwisha nayo. Mjane wake ndiye fundi cherehani. Mumewe hakumlilia njiani. Alikataa. Alimlilia kwenye uwanja wa shule, juani, mbali na mlango wowote.

Juma lililofuata dereva wa lile gari alifika ofisini kwa mchora ramani, kofia mkononi.

"Nionyeshe njia nyingine," alisema.

Mchora ramani alitazama kwa muda mrefu, akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Hakuna."

Kesho yake dereva alirudi na swali lile lile. Siku ya tatu mchora ramani alimwekea kiti kabla hajafika.

Katika ziara hizo lilitoka pendekezo ambalo baadaye mtaa ulilikubali kwa kunyoosha mikono: hakuna turubai, kifusi wala lori juu ya mstari wa kijani. Harusi na misiba iende uwanjani. Atakayeona njia imezibwa apige picha na kuituma. Mchora ramani ataangalia kwa macho yake na kuthibitisha. Mstari utageuka mwekundu na kila simu ya upande wa juu itapata ujumbe. Siku hiyo hiyo zimamoto watakuja na gari kuikagua. Katika ziara hizo hizo lilitoka na jambo la pili, ambalo halikupigiwa kura, na ndilo lililokuwa limeleta gauni jeupe mezani kwa fundi.

Kulikuwa na ukweli mmoja zaidi, uliojulikana na kila mtu na kutotamkwa na yeyote. Baba yake dereva alikuwa mkodishaji wa maturubai. Mtaa mzima ulimwita Mzee Turubai. Turubai la usiku ule lilikuwa lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe!" Mzee Turubai alikuwa ameshika kamba ya mbele, macho mekundu kwa kukosa usingizi, uso umechangamka. "Hebu tazama. Hili halijawahi kufunikwa juu ya kichwa cha mtu. Jipya. Pindo nimelishona mwenyewe."

"Ni zuri sana, baba. Lakini tulikubaliana uwanjani."

"Mlikubaliana ninyi. Mimi siku ile sikunyoosha mkono."

Dada yake mzee, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amekaa juu ya rundo la viti akivipangusa kimoja kimoja. "Bibi harusi anazurura njiani mkesha wa harusi yake," alisema bila kumtazama mtu. "Tuishi tuyaone."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Rudi ndani, utapauka."

Mchora ramani alimgeukia mzee tena. "Baba, njia ni hii moja tu."

"Mwanangu naye ni huyo mmoja tu." Mzee aliacha kamba. "Sikiliza, binti. Nimewafunikia watu harusi maisha yangu yote. Wanaolipa na wasiolipa. Wengine hata viti hawarudishi. Leo zamu ni yangu, unaniambia nikamwozeshe mwanangu uwanjani, kama mtu asiye na mlango?"

"Mlango unao, baba. Tutatokea hapa, tutarudi hapa. Wageni tu ndio wakae kule."

"Mstari, mstari," shangazi alidakia. "Hivi nyumba hii inaletewa mke au rula?"

Wafunga turubai walicheka, kisha wakaacha. Simu ya mchora ramani ilitetemeka mkononi. Kwenye kioo palikuwa na picha ya nguzo ile ile waliyosimama kando yake, na chini yake maneno: taarifa moja inasubiri kuthibitishwa.

Mzee aliiona. "Nani kapiga hiyo?"

"Ramani haionyeshi jina, baba. Ndivyo tulivyopanga."

"Basi usiiguse. Wewe ndiye unayethibitisha. Usipothibitisha si kitu."

"Kwenye simu si kitu. Hapa ni nguzo."

Mzee Turubai alisogea karibu. Hakupandisha sauti, aliishusha. "Sijawahi kukuomba jambo. Leo nakuomba. Ukiigusa hiyo simu, mimi kesho sina mkwe."

Alisema hivyo mbele ya dada yake na wafanyakazi wake, kwa hiyo lilikuwa neno ambalo asingeweza kulirudisha kwa urahisi.

Dereva aliitwa na baba yake kwa simu. Kituo cha zimamoto kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, akaja kwa miguu akiwa na sare. Alipita kando ya nguzo, akamsalimu baba, akamsalimu shangazi, kisha akaingia kwa fundi cherehani, ambako mchora ramani alikuwa amerudi. Fundi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema, "Nina chungu jikoni," akawaachia chumba.

"Dereva," mchora ramani alisema.

"Mama Ramani." Hakutabasamu kama alivyozoea kutabasamu akimwita hivyo.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umepita?"

"Si niko hapa? Nimepita."

"Sikuulizi kwa miguu."

Dereva alivitazama viganja vyake. Vilikuwa vikubwa, na kimoja kilikuwa na kovu la mviringo alilolipata usiku ule kwenye kitasa cha mlango wa nyumba ya mwisho. Mchora ramani alilijua kovu hilo vizuri kuliko alivyoujua mstari wowote.

"Ni siku moja tu," dereva alisema.

Sentensi hiyo mchora ramani alikuwa ameisikia mikutanoni, kwa mwenye lori, kwa mwenye kifusi, kwa kila mtu, na kwa kila mmoja alikuwa na jibu. Kwa huyu hakuwa ameandaa.

"Rudia."

"Nimesema ni siku moja. Nitawaambia wenzangu wakae chonjo. Kamba zifungwe fundo la kufyatuka, na kila kona asimame mtu."

"Usiku ule palikuwa na watu wangapi chini ya turubai?"

Dereva alivikunja viganja.

"Wengi," mchora ramani alisema. "Wote wana mikono. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia wao."

"Ndiyo maana wanalifunga tena."

Dereva alikwenda dirishani akasimama, mgongo kwake. "Unajua hajalala? Amekesha na sindano, anashona pindo. Macho yenyewe hayo ya kuazima."

"Anakupenda. Hilo halina ubishi."

"Na unajua lile la usiku ule lilikuwa la nani."

"Kila mtu anajua."

"Basi fikiri. Akikubali leo kwamba turubai linazuia gari, amekubali na la usiku ule. Hicho ndicho unachomtaka akifanye, njiani, watu wakitazama, mkesha wa harusi ya mwanawe."

Huo ulikuwa ukweli ambao mchora ramani hakuwa nao asubuhi ile, akauweka pamoja na mwingine. Ulimuuma. Haukuongeza upana wa njia.

"Simtaki akiri chochote," alisema. "Namtaka ahamishe nguzo."

"Na asipohamisha?"

"Nitathibitisha."

"Na amekwisha kukuambia itakuwaje."

"Amekwisha kuniambia." Mchora ramani aliligusa gauni mezani. "Ulipokuja ofisini ukaniuliza kama kuna njia nyingine, ningeweza kukudanganya. Ulikuwa huli, hulali. Neno moja tu la uongo lingekupumzisha. Sikulisema. Ukarudi kesho yake. Kwa nini ulirudi?"

Dereva aligeuka. Walitazamana kwa muda ambao watu wanaogombana hawatazamani. Kisha akasogea, akanyoosha mkono kwenye nywele za mchora ramani, juu kidogo ya sikio, akachomoa pini iliyokuwa imesahaulika pale. Aliiweka mezani kando ya gauni.

"Nimechoka kukaa katikati," alisema. "Kazini katikati, nyumbani katikati."

"Mimi pia nimechoka. Nilitaka kesho niwe mwanamke aliyevaa gauni, basi. Nisipime kitu."

"Usingeweza."

"Ningejaribu mpaka adhuhuri."

Ilibaki kidogo wacheke. Hawakucheka. Dereva alivaa kofia, akasema zamu yake inaisha jioni, akatoka. Mchora ramani alizisikiliza buti zake hadi hazikusikika tena, na alisikiliza muda zaidi baada ya hapo.

Kisha alitoka nje. Sharti lilikuwa aone kwa macho yake. Nguzo zilikuwa zimesimama zote, kitambaa kimepandishwa nusu. Alipima kutoka nguzo hadi ukuta, ingawa hakukuwa na haja ya kupima. Mzee Turubai alimwangalia, kamba mkononi.

Alithibitisha.

Simu ililia mfukoni mwa mzee. Ikalia ya shangazi. Zikalia za wafunga turubai, za dukani, na zilizokuwa jikoni na vyumbani, moja baada ya nyingine kwenda juu, hadi mlio ukafika nyumba za mwisho. Shangazi aliusoma ujumbe kwa sauti, akiusogeza mbali na macho:

"Njia ya juu imefungwa. Gari la zimamoto haliwezi kufika nyumba za juu." Aliinua uso. "Ametutangaza! Kaka, huyu ametutangaza kama wezi!"

Mzee Turubai hakumjibu dada yake. Aliwaambia wafanyakazi, "Fungeni kamba."

"Na kesho?" shangazi aliuliza.

"Kesho wageni watakula. Chakula kimeshanunuliwa. Harusi haipo."

Mchora ramani alirudi kwa fundi cherehani akakaa kwenye stuli. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, gauni likipita chini ya sindano.

"Mama, acha. Hakuna harusi."

"Nimesikia. Ukuta wangu ni bati."

"Sasa unashona nini?"

"Kazi niliyoianza naimaliza. Usipolivaa utalitundika." Mguu haukuacha kukanyaga. Baada ya kitambo akaongeza, bila kuinua kichwa, "Ukitaka kulia, lia. Ila sogea huko, usinilowanishie kitambaa."

Mchora ramani alisogea. Alilia kimya, uso umeelekea ukutani, kwa muda uliotosha kumaliza mshono wa upande wa kushoto.

Alasiri gari la zimamoto liliacha barabara kuu likaingia njia ya juu. Halikuwa na king'ora. Lilipanda taratibu hadi bampa yake ikabaki kiganja kimoja kutoka kwenye kitambaa kipya, likasimama. Injini ikazimwa. Watu walitoka milangoni. Waliokuwa na kumbukumbu ya usiku ule walisimama mbali kidogo na wengine.

Dereva aliteremka, akaenda hadi kwa baba yake.

"Mzee, sisi ni zimamoto. Tunaomba njia."

"Mzee?" Baba yake alimtazama kuanzia kofia hadi buti. "Leo mimi ni mzee kwako?"

"Nikivaa hii, ndiyo."

"Basi piga honi. Si ndivyo mnavyofanya? Piga, watu wasikie kwamba nimekuzuia."

"Usiku ule nilipiga, baba. Sipigi tena."

Mzee Turubai aliishika kamba ya mbele kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Niliisikia," alisema.

"Baba, si lazima..."

"Niliisikia hiyo honi. Nilikuwa mahali hapa, nimeshika kamba kama hii. Msemaji wa wafiwa alikuwa hajamaliza. Nikasema asubiri, lori la nani hilo lisilo na adabu. Nilidhani ni la mchanga." Aliligeukia gari. "Sikujua ni wewe."

"Ingekuwa si mimi, je?"

Mzee aligeuza uso. Hapo ndipo alipomwona fundi cherehani. Alikuwa amesimama mlangoni mwake, uzi mweupe umemning'inia begani, amesikia yote.

"Nilikuwa chini ya turubai lile, Mzee," fundi alisema. "Na akina mama wenzangu. Nami niliisikia honi. Nikasema moyoni, lori gani hilo." Aliuondoa uzi begani. "Sote tulisema lori."

Shangazi aliweka chini kitambaa chake cha kupangusia.

"Mume wangu nilimlilia kule uwanjani," fundi aliendelea. "Mpaka leo nikipita pale nageuza uso ukutani. Kina mama wa sokoni wanadhani naringa. Pelekeni harusi kule, Mzee. Pigeni vigelegele mpaka nichoke kuvisikia. Nipate kitu kingine cha kukumbuka nikipita."

Mzee Turubai aliinama. Fundo alilolifunga mwenyewe lilifunguka kwa mvuto mmoja. Kamba ya mbele ililegea, na kitambaa kikashuka upande ule kikipumua.

Wafanyakazi walimtazama wapate amri. Hakutoa. Alikwenda kwenye nguzo ya pili akainama tena, ndipo nao wakainama. Aliyewahi kuukamata ukingo wa turubai kabla haujagusa ardhi alikuwa shangazi.

"Shikeni na huko! Lisiguse vumbi, ni jipya hili! Mnasimama kama mnapigwa picha!"

Nguzo zilipolazwa zote kando ya mtaro, mchora ramani alikwenda kusimama mahali njia ilipokuwa nyembamba zaidi, penye kona ya ukuta wa duka. Ndipo palipotakiwa msimamizi wakati wa ukaguzi, naye alikuwa msimamizi. Macho yake yalikuwa bado yamevimba. Injini iliwaka. Gari lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, likajaza njia, na dirisha la dereva likafika usawa wa uso wake.

"Upana?" dereva aliuliza.

"Unatosha."

Hilo ndilo swali na jibu la kila ukaguzi. Dereva anapaswa kutazama ukuta wakati huo. Alimtazama yeye, kwa muda wote ambao kona iliruhusu, na mkono wenye kovu ukatoka dirishani ukagusa vidole vyake, ukarudi kwenye usukani. Gari lilipita. Lilikwenda hadi mwisho wa mstari, penye kiwanja chenye ukuta mmoja mweusi, likageuza, likaanza kurudi.

Mzee Turubai alikuwa amesimama nyuma ya mchora ramani, bunda la kamba begani. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa akitazama upande wa shule.

"Mkwe," alisema.

Mchora ramani aligeuka.

"Uwanja ule, jioni, upepo unatokea upande gani?"

"Upande wa madarasa, baba."

Mzee aliufikiria upepo huo. "Basi mlango tuutazamishe huku kwetu," alisema, akawaita wafanyakazi walete mkokoteni.

Mchora ramani alifungua simu, akaandika kwamba gari limepita kwenda na kurudi, akathibitisha. Mstari uligeuka kijani. Simu zikalia tena, ya shangazi kwanza, kisha nyingine zote kuelekea juu hadi nyumba za mwisho: Njia ya juu iko wazi.